Sifuri za Jumanne

Mwalimu wetu aliandika kazi tatu za muhula ubaoni, kisha akarudi nyuma hatua mbili akazitazama kana kwamba zimeandikwa na mtu mwingine. Ya kwanza ilikuwa kurasa tatu kuhusu mahali tunapopajua, bila kutaja chochote kinachoonekana kwa macho; tungetumia sauti, harufu, joto na ladha peke yake. Ya pili, kurasa kumi kuhusu mtu mmoja anayefanya kazi ya mikono, na mtu huyo ni lazima tumrudie mara tatu, siku tatu tofauti. Ya tatu ilikuwa hadithi ndefu ya kubuni, ya kumalizia kozi.

Ile ya kwanza niliianza kichwani kabla mwalimu hajaweka chaki chini. Nilikumbuka kinu cha posho kule Migwani, ambako msimu mmoja nililala chumba cha nyuma. Mashine ikiwashwa, ukuta ulitetemeka mgongoni mwangu, na unga uliotoka moto ulinukia kama nguo iliyotoka kupigwa pasi. Ya tatu ilikuwa bado mbali, na kitu kilicho mbali hakijawahi kunitisha. Ya pili ndiyo iliyonifanya nisimamishe kalamu.

Kurudi. Tena mara tatu.

"Buda, mbona umeganda?" aliuliza msichana niliyekaa naye dawati moja. Wazazi wake walihamia mjini Kitui kutoka pande za Mlima Kenya na wana duka karibu na soko. Alikuwa na miaka ishirini, mimi thelathini na minne, na aliniita buda, yaani mzee, tangu siku ya kwanza.

"Naifikiria hiyo ya pili."

"Wewe unafikiria nini? Si umefanya kila kazi? Chagua tu moja."

"Nimefanya kila kazi nusu."

"Nusu pia ni kitu," alisema. "Mimi sijafanya hata robo. Nimetoka shule nikaingia shule. Nitaandika juu ya nani, mamangu akipima sukari?"

Nilimwambia kwamba ningependa sana kusoma jinsi mama anavyopima sukari. Aliniangalia kuona kama namdhihaki. Sikuwa namdhihaki.

Kisha mwalimu akagawa karatasi. Kila mmoja wetu alitakiwa kuileta Ijumaa ya wiki hiyo ikiwa imejazwa: kazi ya huyo mtu, sahihi yake ya kukubali kuandikwa, tarehe tatu za kumtembelea, na chini kabisa, nafasi ya mistari miwili iliyoandikwa *Swali lako kuu ni lipi?*

"Kuna watu wanangoja nafasi katika kozi hii," mwalimu alisema. "Asiyeleta karatasi Ijumaa, kiti chake kina mwenyewe."

Hakusema kwa ukali. Lakini nilikishika kiti changu kwa mikono miwili, chini ya dawati, mahali ambapo hakuna aliyeona. Niliingia kozi ile bila cheti chochote. Waliotuchagua walitaka tu maandishi ya mtu, nami nikawapelekea daftari saba zilizojaa mambo niliyoyaona njiani. Nilikuwa nimekaa wiki tano mahali pamoja na bado nilikuwa na hamu ya kesho yake. Hilo halikuwa limenitokea kwa miaka mingi.

Niseme wazi kilichonitisha. Niliacha shule kidato cha pili kwa sababu lori lililobeba mtambo wa kuchimba kisima lilipita mbele ya lango, nami nikataka kujua kama maji yatapatikana. Nililifuata kwa miguu. Nilikaa hapo siku tatu nikitazama udongo ukibadilika rangi kadiri chuma kilivyoshuka, mwekundu, kisha wa kijivu, kisha mweupe kama chokaa. Siku ya nne walipata maji ya chumvi. Hayo niliambiwa tu. Siku ya tatu jioni nilikuwa nimeondoka na mtu wa kununua ndengu ambaye alinihitaji kushikilia magunia.

Ndivyo nilivyoishi. Nimefyatua matofali, nimechoma makaa, nimelinda mitikiti kando ya mto, nimekuwa utingo wa lori. Najua jinsi kazi nyingi zinavyoanza. Ukiniuliza zinavyoisha, nitakupa maneno ya kuambiwa. Na mahali nilipoondoka sikurudi, si kwa kiburi, bali kwa kuwa mara nyingi niliondoka bila kuaga, na mtu aliyeondoka hivyo hujua macho yatakayompokea.

Usiku huo nilijaribu kutafuta fundi yeyote hapo hapo mjini, mshona viatu au muunda majiko, mtu mpya asiyenijua. Lakini kila nilipolitazama lile swali la chini, mawazo yalikwenda pengine, kwenye ukuta mmoja ulioko Makueni, ndani kidogo kutoka Kibwezi.

Ulikuwa ukuta wa kukatiza mto wa msimu. Miaka sita iliyopita nilifanya kazi pale wiki chache na mwethya, yaani kikundi cha majirani wanaosaidiana kazi, karibu wote akina mama. Walikutana kila Jumanne. Maji ya mvua yanapopita juu ya ukuta kama ule huacha mchanga nyuma yake, na ndani ya mchanga maji hujificha jua lisiyafikie. Kitu kilichonishangaza ni kwamba hawakuujenga mara moja. Walijenga mpaka magotini wakaacha. Walisema ukiinua ukuta wote kwa msimu mmoja, mto utakujazia tope laini lisiloshika maji. Unainua kidogo, unangoja mafuriko yalete mchanga wenye chembe kubwa, halafu unainua tena. Niliwauliza itachukua miaka mingapi. Wakacheka, wakaniambia niende kuleta mawe.

Sikukaa kuona mchanga hata wa msimu wa kwanza. Na jinsi nilivyoondoka ni hivi. Wilbaro yetu moja ilipata pancha, nikatumwa na gurudumu Kibwezi lizibwe. Nilimwachia fundi, na nikiwa nangoja nikaona lori limebeba mashine ya kuchambua mkonge. Nikamuuliza dereva inavyofanya kazi. Akasema nipande nikaone. Nilipanda.

Jumanne, siku moja baada ya kupewa karatasi, niliondoka Kitui alfajiri. Dereva mmoja ninayemjua alikuwa akienda Kibwezi kupakia matikiti, nikamsaidia kufunga turubai, tukashuka na barabara ya Mutomo. Njia nzima nilipanga maneno ya kuomba radhi. Niliyapanga vizuri, kwa aya.

Nilifika mtoni kabla ya saa nne. Kwanza nilikwenda kwenye ukuta, kwa sababu nisingeweza kuongea na mtu kabla sijauona. Ulikuwa umefika kifuani mwangu upande wa chini, na upande wa juu mchanga ulikuwa umejaa ukalingana nao kabisa, mweupe, umelala kama shuka. Juu ya ukuta kulikuwa na mbao na simiti mbichi: walikuwa wanauinua tena. Hatua ishirini hivi kutoka hapo mtu alikuwa amechimba shimo mchangani na kulizungushia matawi ya miiba, ng'ombe wasiingie. Nilipiga magoti nikachota maji kwa kiganja. Yalikuwa baridi na hayakuwa na chumvi. Nilikunywa mara ya pili kuhakikisha.

Wasichana wawili waliokuwa wakipita na karai za kokoto waliniona, wakaona faili langu la plastiki chini ya kwapa, wakaenda haraka. Nilipopanda ukingo mpaka kwenye kivuli ambapo mwethya ulikuwa ukinywa uji, nilikuta akina mama kama wanane wameshatoa vitambulisho. Wengine walikuwa wakivitoa kwenye pembe za leso, mmoja alikuwa akimtuma mtoto nyumbani mbio.

"Ni ya mbegu ama ni ya chakula?" aliuliza wa mbele.

"Hapana, mama. Ni ya masomo."

"Aiya, basari ya karo! Hata mimi niko na mtoto kidato cha tatu, andika."

"Si basari. Ni masomo yangu mimi."

"Yako? Na hizo ndevu?"

Kicheko kilipasuka, na mmoja akanishauri niwahi darasani kabla kengele haijalia. Vitambulisho vilirudi vilikotoka, polepole, kwa kusikitika kidogo. Nisingeweza kuwalaumu. Mtu mgeni mwenye karatasi, pande hizo, huja kwa jambo moja tu: kuandikisha. Hata mimi ningetoa changu.

Mwandishi wa kikundi hakuwa ameinua kichwa. Nilimtambua kwa miwani yake, iliyofungwa kwa uzi wa mkonge upande mmoja, kama ilivyokuwa miaka sita nyuma. Alikuwa mama mtu mzima, mwenye mabega mapana ya mtu aliyebeba mawe maisha yake yote, na magotini alikuwa na rejista: daftari kadhaa zilizoshonwa pamoja zikawa nene kama tofali. Kwao mahudhurio husomwa wakati wa uji, si asubuhi, kwa sababu asubuhi wengine bado wako njiani na hakuna anayetaka kumwaibisha mwenzake.

Alianza kusoma. Kila jina lilipotajwa, mwenyewe alijibu, "Niko," bila kuacha kunywa. Nilisimama pembeni nikingoja amalize ili nianze aya zangu. Kisha, baada ya jina la mama mmoja aliyekuwa akimnyonyesha mtoto, akataja jina langu.

Alilitaja lote, la kwanza na la babangu, kwa sauti ile ile ya kawaida.

"Hayuko," walijibu pamoja, kama watu wanaojibu sala.

Kalamu ilikwenda kwenye karatasi kuandika sifuri.

"Niko," nilisema.

Nilisema kwa sauti ndogo, lakini kila kikombe kilisimama. Mwandishi alishusha miwani mpaka ncha ya pua, akanitazama kuanzia viatu mpaka kichwani.

"Umeleta gurudumu?" akauliza.

Sijawahi kusikia akina mama wakicheka vile. Mmoja aliweka uji chini usimwagike. Wale vijana wasionijua walianza kuelezwa, "Ni huyu! Ndiye yule wa gurudumu!" na ikawa wazi kwamba hadithi yangu ilikuwa imesimuliwa pale Jumanne nyingi, na kwamba ilikuwa imeongezewa chumvi. Katika moja ya matoleo yake nilikuwa nimeliuza.

"Tulibeba mchanga kwa karai siku nzima tukikungoja," alisema aliyekuwa akinyonyesha. "Mimi nilikuwa na mimba ya kaka yake huyu."

Aya zangu zote zilikuwa zimepotea. Nilisema tu, "Mama, nilikosa." Kisha nikauliza kile nilichotaka kujua zaidi, maana ndivyo nilivyo. "Lakini kwa nini mnaniita bado?"

"Sheria yetu ni hiyo," mwandishi alisema. "Jina halitoki kwa sababu mtu haonekani. Linatoka akifa, ama akija mwenyewe kuaga. Wewe hukuaga. Nikasema basi hujaondoka, umechelewa tu."

Alinigeuzia rejista. Alifungua kurasa za nyuma, na za nyuma zaidi, na katika kila Jumanne mbele ya jina langu kulikuwa na sifuri, nadhifu, za duara moja, kama shanga. Mwandishi aliacha shule darasa la nne. Nilitazama ule mwandiko na unene wa lile daftari nikajua nimeshampata mtu wa kumwandika. Nilikuwa nimewaza nitaandika juu ya watu wanaoinua ukuta, kumbe palikuwa na mtu aliyekuwa akiinua ukuta mwingine hapo magotini pake.

Nilitoa karatasi nikamweleza yote: chuo, kurasa kumi, mara tatu, sahihi, Ijumaa. Nilimwambia pia kuhusu kiti. Aliisoma mwenyewe, kwa kidole, mstari kwa mstari.

"Hapa inasema utarudi mara tatu," alisema.

"Ndiyo."

"Wewe."

"Ndiyo, mama."

Wengine walianza tena kucheka lakini yeye hakucheka. Aliikunja karatasi akaiweka ndani ya rejista, akafunga. "Mimi sitii sahihi kwa kitu ambacho sijui kama kitafanyika. Ile wilbaro ya kijani ina pancha tangu asubuhi. Ng'oa gurudumu, peleka Kibwezi."

"Mwambie aache simu hapa!" mmoja alipiga kelele.

"Na viatu!"

"Hapana," mwandishi alisema. "Aende na kila kitu chake. Akitaka kupotea, apotee mzima."

Nilikwenda kwa bodaboda, gurudumu likiwa mapajani. Fundi wa pancha alikuwa kijana, si yule wa zamani, na alifanya kazi yake haraka. Alizamisha mpira ndani ya beseni, akatafuta viputo, akakwangua, akapaka gundi, akaupulizia. Nilimlipa. Nilikuwa nimeshainua mkono kuita bodaboda nilipoona watu wakikimbilia barabara ya Mombasa.

Lilikuwa trela moja limesimama kando, na juu yake kitu cheupe, kirefu kiasi kwamba sikuona mwisho wake kutoka nilipokuwa. Kilianza kinene kama tangi la maji na kuishia chembamba kama ncha ya upanga, maduka mengi mbele. Hakikuwa na msumari wala kiungo. Nilikiwekea kiganja, kilikuwa kimepata joto la jua.

"Hii ni nini?" nilimuuliza mtu aliyekuwa akikagua minyororo.

"Bawa. La mtambo wa umeme wa upepo. Inaenda kaskazini, mbali huko."

"Mnapinda kona namna gani?"

Alitabasamu. Nadhani hakuwa ameulizwa swali zuri siku hiyo. "Magurudumu ya nyuma yana usukani wake. Kuna mtu anatembea nayo na rimoti. Na wa mbele anashika bendera nyekundu kuzuia magari." Akanitazama vizuri. "Wa bendera wetu ameugua, tumemwacha Mtito. Wewe uko na kazi?"

Nataka kueleza hili bila kulipamba. Mwili wangu ulikuwa umeshakwenda. Nilijua nitasimama wapi, nitashika bendera kwa mkono gani. Nilitaka kuona mtu akilipindisha lile bawa kwenye mzunguko wa Nairobi kwa kidude cha mkononi. Nilitaka kujua wanalipandishaje juu ya mlingoti. Mtu mwingine angeona ni trela tu. Mimi nilimeza mate.

Na gurudumu lilikuwa begani, likininukia gundi. Nilikumbuka kwamba wale akina mama hawakuwa wakiningoja wakiwa na hasira. Walikuwa wanangoja kujua, kama ninavyongoja mimi mambo ya watu wengine. Kwa mara ya kwanza mimi ndiye niliyekuwa lori linalopita mbele ya lango, nao ndio wanaotaka kuona mwisho. Ningewanyima mara ya pili?

Nilimuuliza yule mtu maswali matano ya haraka, nikayaandika majibu yake kwenye daftari, nikiegemea gurudumu. Alipoona naandika alinijibu kwa urefu, hata akanichorea ile mashine ya nyuma. Nikamshukuru. Trela lilipoondoka, mbele yake alikuwa kijana wa pale sokoni na bendera mpya. Kwenye kona ya kwanza sikugeuka kutazama. Ninajuta hilo mpaka leo, kidogo.

Niliporudi, wa kwanza kuniona alikuwa kwenye ukuta na sepetu. Aligonga karai kwa sepetu mara tatu, na wote wakasimama wima wakanitazama nikishuka ukingo na gurudumu kichwani. Wakaanza kupiga vigelegele kana kwamba naleta mahari.

"Limejaa upepo kweli?" mmoja akaliminya.

"Ama ameliazima!"

Nilibeba mchanga mpaka saa tisa. Mgongo wangu ulikuwa umesahau. Kazi ilipokwisha, mwandishi aliketi juu ya debe, akafungua rejista, akaenda kwenye mstari wangu. Ile sifuri aliyokuwa ameianza asubuhi ilikuwa nusu, kama mwezi mchanga. Hakuifuta. Aliweka alama ya vema pembeni yake. Kisha akatoa karatasi yangu, akaikunjua, akaandika jina lake taratibu kwa herufi zile zile za duara, akanipa kalamu nijaze tarehe. Niliandika ya siku hiyo, kisha Jumanne mbili zinazofuata.

"Hapa chini hujaandika," alisema, kidole kikiwa kwenye ile mistari miwili.

"Sikuwa na swali bado."

"Na sasa?"

"Sasa ninalo. Mama, miaka sita, kila Jumanne, sifuri ya mtu ambaye hamjui alikokwenda. Ulikuwa ukifikiria nini ukiiandika?"

Alivua miwani, akaifuta kwa leso, akaivaa tena. Akafunga rejista na kuiweka ndani ya mfuko wa unga.

"Hilo si la leo," alisema. "Wewe liandike kwanza."

Nililiandika hapo hapo, karatasi ikiwa juu ya bakuli la wilbaro lililogeuzwa, chembe za mchanga zikikwaruza kalamu.